Kamba ya Mita Sita

Siku Isaiah wa ofisi ya maji alipokuja na tepu yake ya chuma, kazi ya kwanza Edah aliyoifanya ni kumficha ndama.

Alimpitisha nyuma ya jiko, akamfunga kwenye mpera, akamrundikia majani ya viazi ili mdomo wake uwe na kazi. Ndama yule alikuwa na tabia ya kulia akiona wageni, kama mtoto wa mchungaji. Shingoni alivaa kamba nzuri ya katani iliyosokotwa pamoja na uzi mmoja wa nailoni, wa rangi ya buluu. Mpita njia angesema ndama huyu anatunzwa. Lakini kijiji kizima kiliijua ile buluu, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

"Mama Quinter!" Shikanga, mumewe, aliita kutoka mbele ya nyumba. "Leta kamba ya mto. Serikali imefika."

"Naileta, baba."

Akaingia chumbani, akapiga magoti, akaivuta kamba kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa imekunjwa vizuri, kitambaa chekundu kikining'inia mwishoni. Aliishika kama mtu anavyoshika nyoka aliyeambiwa kwamba amekufa.

Kamba hiyo ilikuwa na heshima yake. Kijito cha Mukhonje si kikubwa. Watu wa huko hukiita mto ili kisione haya kinapofika mbele ya mto mkubwa wa Isiukhu. Lakini vijiji vitatu vinakinywa, na kwa mwaka mzima vijiji hivyo vilikuwa vikibishana kanisani. Wa juu walilaumiwa kwa kulima hadi kwenye maji, wa chini kwa kupanda mikaratusi inayofyonza kama mlevi, na wote walilaumiwa kwa kuosha pikipiki mtoni. Mwishowe Chama cha Watumiaji Maji kikakubaliana mpango mmoja. Kila shamba, kuanzia kwenye chemchemi mpaka kule kijito kinakoingilia Isiukhu, litaacha mita sita kutoka ukingoni. Hapo hapalimwi, hapo ni mianzi na miti ya misiola. Vigingi vikishasimama vyote, ofisi itatia saini na chemchemi itajengewa simiti na bomba. Mtu mmoja akikataa, wote wamekosa.

Shida ikawa kupima. Hakuna aliyeziamini hatua za mwenzake. Philip wa kule chini, kwa mfano, alikuwa na hatua za twiga kwenye shamba la mtu na hatua za bata kwenye lake. Basi wakaenda soko la Lubao, kwa Mzee Osiako anayeuza kamba za ng'ombe, naye akawasokotea kamba ya mita sita kamili. Akatia na uzi wa buluu ndani. "Ili mtu asije akaichanganya na kamba ya ng'ombe," alisema yule mzee, maskini. Edah akatoa kitambaa chekundu kutoka kwenye leso yake kuukuu ya akina mama wa kanisa, kikafungwa mwishoni. Kamba ikakabidhiwa Shikanga, kwa sababu Shikanga ni mtu ambaye kuku wa jirani akitaga kwake, yeye huenda kurudisha yai.

Upimaji ulianzia juu, siku ya Jumanne, wiki mbili kabla Isaiah hajaja. Wa kwanza alikuwa Beldina, mama yake Khisa, mjane ambaye shamba lake linatazamana na la Edah, juu kidogo, ng'ambo ya mto. Shikanga alishika mwisho mmoja kwenye maji, Philip akavuta mwingine hadi kamba ikakaza. Kitambaa chekundu kikapita mistari miwili ya sukuma wiki, kikaupita mgomba mmoja mnene, kikatua upande wa pili.

Beldina aliutazama mgomba ule. "Huu aliupanda baba Khisa, mwaka uleule aliotuacha," alisema. Kisha akamgeukia Shikanga. "Shemeji, hatua moja tu. Sukuma chukueni. Mgomba upone."

Shikanga akakohoa. Ni mtu wa huruma, na huruma yake hukaa karibu na mdomo. Lakini kabla hajasema neno, Edah alimtangulia. Edah alikuwa kiongozi wa akina mama katika chama. Alikuwa amekaa semina siku mbili pale Shieywe, akapewa daftari, kalamu na sahani ya pilau, na tangu siku hiyo sauti yake ilikuwa imepanda daraja.

"Mama Khisa," alisema, akihakikisha hata walio nyuma wanasikia, "mto hauna shemeji."

Watu wakapiga makofi. Philip akairudia, wakacheka. Siku hiyohiyo mashamba ya juu yakamalizika, na ilipofika jioni watoto walikuwa wakiiimba njiani. Beldina naye alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani wakati wa maombi. Akaingia nyumbani, akatoka na panga, akaukata mgomba mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa.

Jumatano hawakupima kwa sababu ya soko. Shikanga alikuwa ametoka mapema. Edah alikuwa ameshajitwika kikapu cha nduma aende Lubao, ndipo ndama akakata kamba yake iliyooza akashuka mbio kuelekea mtoni. Ng'ambo kulikuwa na zile sukuma za Beldina zilizobaki.

"Woi! Wewe mnyama, leo utanitia kwenye baraza!"

Edah alitua kikapu, akakimbia. Kwenye waya wa kuanikia nguo kulikuwa na kamba ya mto ikikauka. Akaivuta, akakata kipande kwa kisu cha kumenyea nduma, akamkamata ndama akiwa na miguu miwili majini. Alipokuwa akimfunga alijisemea kwamba hapana shida, Osiako yuko sokoni, ataiunga jioni hii hii. Na alisema kweli. Hapo bado alikuwa mtu msafi.

Lakini Osiako hakuja sokoni siku hiyo. Alikuwa amekwenda matanga kule Musanda.

Jioni Edah aliikuta kamba mahali alipoiacha, ncha yake ikifumuka. Kitambaa chekundu kilikuwa kimebaki kwenye kipande cha ndama. Akakifungua. Akakifunga kwenye ncha mpya, akakikaza kwa meno. "Ni ili isifumuke," alisema. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Alhamisi ikawa zamu yake. Ukingoni alikuwa na mistari sita ya nduma, zimeshiba maji, majani mapana ya kumfunika mtoto mvua, na alikuwa amejiandaa kuipoteza yote. Shikanga alishika mwisho wa majini, Philip akavuta. Kitambaa kikafika mstari wa nne, kikasimama.

Mdomo wa Edah ulifunguka. Neno lilikuwa limefika hapo, limekaa kwenye ulimi. Kisha macho yake yakaenda kwenye ile mistari miwili iliyobaki nje ya kigingi, ikichezacheza kwa upepo kama watoto waliosamehewa kiboko.

"Mama Quinter ana bahati," Philip alisema. "Mto umemwonea huruma."

Watu wakacheka. Edah naye akacheka. Kicheko hicho kilikuja kumkaa tumboni kuliko chakula chochote alichowahi kula. Kwa kamba ileile wakashuka, wakapima mashamba kumi na moja hadi Isiukhu.

Sasa Isaiah alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, amevaa gambuti, tepu yake iking'aa. Akapima kwa Beldina.

"Sita kamili. Mama, umefanya kazi nzuri."

"Mgomba ndio umefanya," Beldina alijibu.

Wakavuka. Isaiah akapima kwa Shikanga, akainama, akasoma. Akapima tena. Akavua miwani, akaipangusa na shati.

"Mzee, hapa ni nne. Nne na kidogo."

Wakashuka kwa Philip: nne na kidogo. Kwa aliyefuata: nne na kidogo. Kufika shamba la tano, Isaiah akaikunja tepu. Watu wakaitana, wakajaa uwanja wa kanisa, na Isaiah akailaza kamba ya mto kwenye nyasi, ubavuni mwa tepu. Ilionekana kama mtoto aliyelazwa kwenye kitanda cha baba yake.

"Kwa hivyo," alisema Barasa, mzee wa kule juu ambaye naye alikuwa ameng'oa mahindi yake, "wa juu tumekatwa, wa chini mmepakwa mafuta. Shikanga, shamba lako liko wapi? Juu ama chini?"

"Ngoja kwanza," Philip alisema haraka, maana mianzi yake ilikuwa imeshapandwa kwenye mita nne na hakutaka kuing'oa. "Hii ni katani. Katani ikilowa hunywea. Kila mtu anajua."

Edah aliinua kichwa. Alimpenda Philip wakati huo kuliko ndugu yake wa tumbo moja. *Ee Mungu, katani inywee. Wakubali tu kwamba imenywea.*

"Mita mbili?" Isaiah aliuliza. "Hata mimi nikilowa sipungui hivyo."

Watu walicheka, lakini Barasa hakucheka. "Kamba inalala chini ya kitanda cha nani?"

"Changu," Shikanga alisema.

"Basi aliyeilisha njaa ni nani?"

"Barasa, mimi sijaigusa."

"Apa."

Shikanga akavua kofia. Aliivua kama mtu anayechunwa ngozi mbele ya watoto wake. Isaiah akasema polepole kwamba yeye hajaja kutafuta mwizi, amekuja kutafuta mita sita, na kwamba mpango wenye vipimo viwili hawezi kuutia saini. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mwacheni," sauti ilitoka upande wa akina mama. Ilikuwa ya Beldina. "Barasa, mwache shemeji. Huyu hurudishaga hata yai. Kama kamba imepungua, haikupunguzwa na huyu. Mimi niliyekata mgomba wangu ndiye nasema."

Edah alihisi maneno hayo yakimpanda mwilini kama siafu. Afadhali angetukanwa. Afadhali Beldina angelikuwa wa kwanza kurusha jiwe, jiwe mtu hulikwepa.

"Hapana, Mama Khisa, wacha niape," Shikanga alisema. Akainua mkono wake wa kuume. "Kwa kaburi la baba yangu, lililo mbele ya nyumba yangu, kama mimi au mtu wa mlango wangu—"

"Baba Quinter, usiape!"

Edah alikuwa amesimama. Hakujua alisimama saa ngapi. Watu wote waligeuka, na kwa kuwa hakuwa na neno la pili, alitoka akaenda. Uwanja ule si mkubwa, lakini siku hiyo ulikuwa kama wa ndege. Alisikia mtu akiuliza, "Anatoroka?" na mwingine akijibu, "Atatorokea wapi? Kwao walishauza shamba."

Alirudi akimvuta ndama.

Ndama, alipoona wageni wote wale, akafanya kawaida yake: akapaza sauti akalia, kirefu, hadi mwisho. Isaiah peke yake hakuelewa. Alikuwa akitazama ndama. Wengine walikuwa wakitazama uzi wa buluu.

Philip ndiye aliyeanza. "Kumbe mweka kamba ni ndama!"

Na mwingine kutoka nyuma, ambaye hadi leo hajulikani, akamalizia: "Mto hauna shemeji, lakini una ndama!"

Walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Edah alingoja. Kicheko kilipopungua alisema, huku akitazama kwato za ndama, "Niliikata siku ya soko. Ndama alikuwa anaenda kula sukuma za Mama Khisa. Sikuwa na kamba nyingine. Ilikuwa bahati mbaya."

Watu wakaanza kuguna kwa upole. Bahati mbaya ni kitu kinachoeleweka. Nani hana ndama? Hata Barasa alilegeza mabega. Mlango ulikuwa umefunguka, na Edah angeweza kupitia hapo na nguo zake zote mwilini.

"Na kitambaa?" Beldina aliuliza.

"Kitambaa gani?"

"Chekundu. Kilikuwa mwisho wa kamba. Mwisho wa kamba uko shingoni mwa ndama. Kitambaa kiko pale kwenye nyasi. Kilitembea?"

"Nilikifunga mimi."

"Wakati ukimshika ndama?"

"Jioni."

"Jioni," Beldina alisema kwa upole, kama mtu anayesaidia mtoto kusoma. "Na jioni ndama alikuwa anaenda wapi?"

Shikanga akavaa kofia yake, akaishusha hadi kwenye nyusi.

Isaiah alikuwa na mito mingine ya kupima. Aliwapa hadi Ijumaa, akapanda pikipiki, akaenda na tepu yake. Kabla hawajatawanyika waliulizana kamba ikae kwa nani tangu sasa. Barasa akamtaja Beldina. Mikono ikainuliwa, na wa kwanza kabisa kuinuka ulikuwa mkono wa Shikanga.

Usiku alikula akiwa ameuelekea ukuta. Edah alimsongea obusuma, ugali laini kama anavyopenda, akampa mboga ya kunde, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, mahali wanapoketi wageni wasio na uhakika kama wamekaribishwa.

"Mimi nilikuwa karibu kuapa," Shikanga aliuambia ukuta.

"Lakini nilikuzuia, baba."

"Umenizuia mkono ukiwa umeshapanda. Tangu Isaiah aliposema nne mpaka hapo, ulikuwa unangoja nini?"

Edah angeweza kusema alikuwa anangoja katani inywee. Badala yake akamsogezea mboga.

"Miaka yote hii narudisha mayai ya watu," Shikanga alisema. Akanawa mikono, ingawa chakula kilikuwa nusu. "Sasa nikipeleka yai, watauliza kuku yuko wapi."

Alhamisi Beldina alikuja na kamba. Alikuwa ameunga vipande vyake viwili kwa fundo kubwa la kufungia kuni. Alikuja amefuatwa na wa juu na wa chini, maana upimaji wa kawaida huwa na watu sita, lakini upimaji wa aibu huwa na kijiji. Ndama alikuwa amefungwa kwa kamba ya mgomba iliyosokotwa vibaya, na kila aliyepita alimwamkia. "Mulembe, karani." "Bwana mpimaji, hujambo?"

Edah hakungoja. Alfajiri alikuwa ameshaung'oa mstari wa tano, mikono imejaa matope hadi viwiko, na alikuwa ameanza wa sita. Aliposikia watu alisimama kando. Shikanga alishika mwisho wa majini, kama siku ile. Beldina mwenyewe alivuta mwingine. Kitambaa kikafika, kikatua kwenye mstari wa sita, karibu na shina moja la nduma, lile nene kuliko yote. Likabaki nje, kwa nyuma ya kitambaa.

"Mita sita," Philip alitangaza.

"Bado," Beldina alisema. "Kuna fundo. Fundo limekula shubiri." Akainama, akafungua mkono wake, kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akaulaza ardhini kuanzia kwenye kitambaa. Mkono wake ulilifunika shina la nduma lote. Akakaa hivyo, ameinama, mkono juu ya nduma. Edah aliona shanga ya rozari yake ikining'inia, na mgongoni jasho limechora mstari.

Kisha Beldina akauondoa mkono.

"Wa chini nitawaongezea shubiri," alisema. "Hapa tuache. Hiyo moja kaa nayo, Mama Quinter."

Watu walitazamana. Edah alisema kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa ya semina, "Mto hauna shemeji."

"Mto hauna," Beldina alisema akiikunja kamba. "Lakini mimi nina jirani."

Akaenda. Watu wakamfuata kwa Philip, aliyekuwa ameanza kulalamika kuhusu mianzi yake kabla hata ya kufikiwa. Shikanga akawafuata, hakugeuka. Edah akabaki na mstari uliochimbuliwa, kigingi, na nduma moja.

Mita mbili alizonyang'anywa mbele ya kijiji hazikuwa zimemtoa chozi. Lakini shubiri hiyo aliyosamehewa alishindwa kuitazama. Aliipa mgongo, akafika hadi kwenye mpera. Akarudi. Alisimama juu yake kama mtu anayesimama kwenye mlango wa hospitali bila kujua wodi. Nduma ilikuwa imetulia tu, majani yake mapana, haina habari.

Akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili kwenye matope, akaing'oa. Akakitoa na kigingi, akakisogeza nyuma, akakipigilia kwa jiwe. Jiwe liligonga mara tano, na sauti ikashuka na mto.

Huko chini Beldina alisimama. Akageuka, akaweka mkono juu ya macho.

"Mama Quinter!" aliita. "Si nimekuambia ukae nayo?"

Edah alisimama, nduma mkononi ikidondosha matope.

"Nimeshindwa kukaa nayo, Mama Khisa."